Matuta Mbele ya Benki

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea alasiri ile ni Mama Kahawa kumnyima Breki kikombe cha pili mpaka arudishe cha kwanza. Breki alikuwa amekikalia. Aliinuka, akakipangusa kwa suruali, akakikabidhi kwa mikono miwili, na sote tukacheka, hata mimi kidogo. Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ya jengo ninalokaa. Ng'ambo ya barabara kuna benki iliyofungwa kitambo. Imebaki sakafu yake ya nje, pana na laini kama sahani, yenye ngazi chache na kimteremko cha viti vya magurudumu. Kwa ajili ya sakafu hiyo, vijana wa skeiti walikuwa wakitoka mitaa ya mbali, wengine na viatu vya magurudumu, wengine na mbao za magurudumu kwapani. Dirisha letu la ghorofa ya kwanza linaitazama. Mke wangu alipougua alihamishia kiti chake hapo dirishani. Tangu tumzike sijalifungua. Kijiweni wananiita Msomi, na siku hizi wananiachia nafasi ya katikati, mahali ambapo ubao haubonyei.

Fundi ndiye aliyeanza. Ni mwashi, mtu wa maneno machache.

— Msomi, kaka yangu, hebu inuka. Tuna jambo lako.

— Jambo gani?

— Subira huvuta heri, akasema Kanali. Inuka upesi!

Kanali hajawahi kuwa mwanajeshi. Alilinda ghala la magodoro mpaka akastaafu, akaondoka na kofia.

Tulivuka barabara. Pale uwanjani palikuwa na magunia yaliyolowa, yametandazwa. Nilikuwa nimeyaona tangu jana yake nikadhani kuna bomba limepasuka. Fundi alishika ncha ya gunia moja akalivuta, kisha la pili, kisha la tatu. Chini yake kulikuwa na matuta ya saruji, membamba, yaliyonyooshwa kwa kamba, yakiukata uwanja wote kutoka ngazini hadi ukingoni. Hata kimteremko kilikuwa na tuta lake.

— Tumekuletea utulivu, akasema Fundi. Wale watoto hawatakusumbua tena. Gwara-gwara kutwa nzima chini ya dirisha la mfiwa! Kwani sisi ni watu au mawe?

— Dirisha lako limefungwa tangu msiba, akasema Mama Kahawa kwa upole. Tukajua tu, kelele zimemshinda shemeji yetu.

— Ni heshima ya marehemu, akamalizia Breki. Breki anaendesha teksi. Jina hilo amepewa kwa kitu ambacho gari lake limekikosa.

Mke wangu alizipenda kelele zile. Vijana wale aliwatambua kwa makosa yao: huyu huangukia bega, yule hufumba macho akifika ngazini. Ilifika siku hakuweza kumeza kitu, na neno lake la kwanza asubuhi hiyo lilikuwa kuniuliza kama yule binti wa soksi za njano ameshaziruka ngazi. Hilo ilinipasa kulisema pale pale. Ilikuwa sentensi moja. Lakini walikuwa wamesimama mbele yangu kwa mstari, wakinitazama usoni, na Fundi alikuwa bado na vumbi la saruji kwenye kope.

— Ahsanteni, nikasema.

Wakapiga makofi. Kanali akapiga saluti.

Tuliporudi kwenye ubao, Mama Kahawa alinimiminia bila kuniuliza, na Breki, ambaye moyo wake haukai na ushindi, akaanza kusikitika.

— Lakini jamani, wale watoto sasa watateleza wapi?

— Mji wote huu! akasema Kanali. Hauwezi kukosa mahali pa kuangukia.

— Basi daraja la juu, akasema Breki, lile la barabara kuu. Jumapili asubuhi halina gari hata moja.

— Na polisi je? akauliza Mama Kahawa.

— Polisi ana buti. Mwenye buti atamshikaje mwenye magurudumu?

— Ana pikipiki.

— Haya, magurudumu kwa magurudumu. Hiyo ni haki.

— Daraja nini! Kanali akaweka kikombe chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wewe unawapandisha juu! Wapelekeni chini. Ile hoteli iliyofungwa ina bwawa la kuogelea, limekauka, vigae vitupu, kingo zimepinda kama bakuli. Wateremke humo, sisi tuvute ngazi, wazunguke mpaka waote ndevu.

— Na mabinti?

— Na wao wataota akili.

— Mimi nawapa mahakama, akasema Breki. Marumaru mwanzo mwisho. Mshtakiwa anaingia anateleza, hakimu anamuuliza, "Siku ya tukio ulikuwa wapi?" Kabla hajajibu ameshatokea mlango wa pili.

— Afadhali uwanja wa ndege, akasema Kanali. Ndege ikishuka, wao wanatangulia mbele yake, wanafukuza paka. Wanapewa na sare. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha mifupa.

Mama Kahawa alicheka mpaka akashika birika kwa mkono usio na kitambaa. Fundi peke yake hakucheka. Habari za sakafu kwake si mzaha.

— Nyinyi hamjui sakafu, akasema. Marumaru ina viungo, gurudumu linajikwaa. Hao wanataka tarazo, sakafu ya vijiwe na saruji iliyopigwa msasa, kipande kimoja. Na mji huu mzima ninaijua moja tu. Ile korido ya hospitali kuu, ya kwenda wodi za ndani. Ndefu, nyoofu, imelala kidogo tu. Ukisukuma kitu huku mwanzo, kinafika kule mwisho chenyewe, wala hakitikisiki...

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi. Breki alimkanyaga mguu, akiwa amechelewa.

— Ni kweli, nikasema. Ni laini sana. Kitanda hakitoi sauti.

Kijiko cha Mama Kahawa kilizunguka ndani ya kopo la sukari bila kuchota.

Ndipo tukamwona binti. Alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja wa benki, amevaa koti jeupe la duka la dawa. Viatu vya magurudumu vilining'inia shingoni mwake kwa kamba zake. Soksi zilikuwa za njano. Alichuchumaa, akalipapasa tuta kwa kiganja, akalifuata kwa macho mpaka mwisho wake. Kisha akavuka barabara kuja kwetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu.

— Ile kazi ni ya nani?

— Ya kwangu, akasema Fundi.

— Imenyooka, akasema binti.

Hakusema kwa kejeli, na Fundi hakujua mikono yake aiweke wapi.

— Usihuzunike mwanangu, akasema Breki. Tumeshawatafutia pengine. Lile daraja...

— Darajani walitukamata. Mpaka leo mbao za wenzetu wawili ziko kituoni.

— Maegesho ya yale maduka makubwa?

— Mlinzi ana mbwa. Uwanja wa mpira wanataka kiingilio, na ukishaingia ni nyasi. Njia ya kando ya mto ni ya matofali, gurudumu linazama kwenye kiungo unatua kwa meno. Alifunua mdomo kidogo, tukaona jino lililokatika. Na bwawa la hoteli, akaongeza, lilijaa maji mvua za kwanza tu.

— Hee! Kanali akaruka. Hata bwawani mlishafika?

— Mzee, mji huu tumeumaliza. Hapa ndipo mahali pekee ambapo hatukufukuzwa. Akazivuta kamba za viatu shingoni kama mtu anayerekebisha kola. Ninaomba kuuliza tu, akasema. Nani alilalamika?

Breki akamtazama Kanali.

— Si wewe uliniambia Msomi... yaani, kwamba mtu fulani amechoka?

— Mimi niliambiwa na Fundi.

— Mimi sikuambiwa, akasema Fundi. Mimi niliona dirisha.

— Lisemwalo lipo, akasema Kanali, sauti imempungua. Kama halipo, laja.

— Haya, nani alilisema? akauliza Mama Kahawa.

Kanali akavua kofia, akaitazama ndani.

— Mwanangu, Mama Kahawa akamgeukia binti, haikuwa malalamiko. Ni heshima ya marehemu. Yule mama wa dirisha lile pale juu.

Binti aliinua macho. Kumbe hakuwa na habari. Alilitazama dirisha lililofungwa, kisha akavitoa viatu shingoni na kuviweka chini taratibu.

— Yule aliyekuwa akituambia "Rudia!" tukianguka?

— Huyo huyo.

— Nilidhani amehama. Akalitazama tena dirisha, na matuta, kisha akatutazama sisi. Kwa hiyo, akauliza, yeye ndiye hakututaka?

Hakunijua. Hangeweza kunijua, dirishani alikaa mwingine, mimi nilikaa ndani nyuma ya kiti na gazeti langu. Lakini wanne waliokuwa pale walinijua, na wote waliniachia kwa adabu jibu lililokuwa langu. Nilikuwa nalo. Ila nilikuwa nimeshasema ahsante. Nikisema hapana, namwaibisha Fundi mbele ya mgeni, mtu aliyepiga magoti siku nzima kwenye jua kwa ajili yangu. Nikinyamaza, ninamwachia mke wangu lawama ambayo hayupo kuikana. Nilikaa nikayapima mambo hayo mawili, huku nikitazama kikombe, kwa uangalifu ule niliofundishwa shuleni, na wakati ninapima, binti alishapata jibu lake.

— Sawa, akasema. Poleni na msiba.

Akaokota viatu, akaenda zake kwa miguu. Alipita kando ya uwanja, hakukatiza katikati.

Breki alinyoosha kikombe. Mama Kahawa akakitazama.

— Imekwisha, akasema, akaliinua birika kuliweka mbali. Nilisikia kahawa ikicheza ndani yake. Hakuna aliyebisha.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Fundi mapema, nikamkuta akiosha uso mlangoni. Nilimwambia ile sentensi moja: mke wangu aliwapenda wale watoto, na dirisha nimelifunga mimi kwa sababu siwezi kukiona kile kiti na uwanja kwa pamoja. Maji yalimchuruzika kidevuni na hakuyafuta.

— Na juzi nikiwa nimepiga magoti pale ulikuwa wapi?

— Ndani. Sikuchungulia.

— Na jana ukaniambia ahsante.

— Nilisema.

— Ungenizaba kofi ingekuwa nafuu, Msomi.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuniita kaka. Aliingia ndani, akatoka na nyundo na patasi.

— Saruji bado changa. Gonga kwa ubavu, usije ukaichimba sakafu ya watu.

— Hutakuja?

— Mimi nilifanya sehemu yangu, akasema, akafunga mlango.

Nilipiga magoti kwenye tuta la kwanza, lile la chini ya ngazi. Sikuwahi kushika patasi. Mapigo mawili ya mwanzo yaliniangukia kidoleni. La tatu lilipata. Kishindo chake kilipiga ukuta wa benki kikarudi mtaani, kikubwa kuliko magurudumu yote ya siku zote, na nilikuwa sijamega kipande cha ukubwa wa kiganja wakati dirisha moja la ghorofa za juu za jengo letu lilipofunguliwa kwa hasira.

— Wewe! Huna hata haya? Hujui jengo hili lina mfiwa? Nani huyo?

— Ni mimi, nikajibu.

Nikaendelea kugonga.