Mwalimu Emerensiana na Nyundo ya Wasichana wa Ifakara

Marehemu Emerensiana Kelestini Matimbwa alizaliwa kijijini Mngeta siku ya Jumapili, tarehe 8 Septemba 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Kelestini Matimbwa na Mama Restituta. Wazazi wake walikuwa wametoka Mahenge miaka minne kabla, kufuata ardhi ya mpunga. Kwa kuwa alizaliwa sikukuu ya Bikira Maria, kila mtu alitarajia ataitwa Maria. Bibi yake alikataa katakata, akasema akina Maria wamejaa hapo kijijini hadi ukiita mmoja wanaitika sita. Akabatizwa Emerensiana, na kweli hatukuwahi kumchanganya na mtu.

Watoto wa bonde hili wote wameamia ndege shambani, lakini Emerensiana aliamia kama mtu aliyetukanwa na ndege wenyewe. Mpunga ulipotoa masuke alikuwa shambani kabla jua halijachomoza, na kombeo lake la kamba na rundo la madonge ya udongo. Alizungusha, akaachia, na papo hapo akakimbia mbele akipiga makofi na kelele, kwa sababu aliyerusha donge na kusimama alipo huwaona ndege wakitua tena nyuma yake. Mdogo wake Viktor, anayewasomea maneno haya, alipenda kurusha akiwa amekaa. Dada yake alimwambia, "Wewe Viktor, ndege wanakula mpunga wa baba na wanakucheka." Alikuwa na miaka tisa, na donge lake lilivuka majaruba matatu.

Alisoma shule ya msingi hapo Mngeta kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya bweni mkoani Morogoro, ambako alimaliza kidato cha sita mwaka 1989. Shuleni alirusha tufe na kisahani, akajaza sanduku la bati vyeti ambavyo Mama Restituta amevitunza hadi leo. Alisomea ualimu Iringa, na Januari 1992 akaanza kufundisha jiografia na michezo katika shule ya sekondari hapa Ifakara. Wanafunzi wake wanajua kwamba aliyechelewa kipindi chake alizunguka uwanja mara mbili kabla ya kuruhusiwa kukaa.

Tarehe 16 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Ponsiano Mbuta, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana karibu na stesheni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sylvanus na Eveline. Nyundo nayo ilizaliwa ndani ya ndoa hiyo. Mwaka 1995 Emerensiana alisikia kwenye semina ya walimu kwamba sasa hata wanawake wanarusha nyundo kwenye mashindano makubwa. Alirudi nyumbani, akaweka tufe kuukuu la shule la kilo nne juu ya meza ya mumewe, akasema, "Baba Sylvanus, nichomelee kitanzi hapa." Ponsiano alichomelea kitanzi, akafunga waya, akakunja nondo kuwa kishikio. Siku ya kwanza walipojaribu, waya ulikatika na tufe likapita kwenye paa la choo cha jirani. Jirani huyo yuko hapa leo, na alishasamehe.

Alirusha jioni baada ya jioni, ndani ya duara alilochora ardhini kwa kijiti nyuma ya madarasa. Punde wasichana saba wakawa wanarusha pamoja naye. Baadhi ya wazazi walilalamika. Chuma kile kitaua mtoto, walisema, na msichana anayejizungusha vile atakuja kuolewa na nani? Mwalimu aliomba nyundo ya wasichana iingizwe kwenye mashindano ya shule za wilaya. Kamati ya michezo ilimzungusha kwa miezi. Mwishoni, alipochaguliwa kwenda Nairobi kwenye mashindano ya kimataifa ya riadha, akawa mwanamke pekee wa bonde hili kwenye timu ya taifa, mmoja wa wajumbe alimpa jibu mbele ya walimu wenzake.

"Mwalimu, wewe nenda. Ukirudi na mita zako zimeandikwa, tutaingiza nyundo ya wasichana. Ukirudi mtupu, chuma kikae stoo na tusisumbuane tena."

Baba yake naye hakufurahi. Ilikuwa Mei, kwelea wameingia bonde zima, na kila mkono ulihitajika shambani. Emerensiana alipokwenda Mngeta kuaga, Mzee Kelestini aliitikia shikamoo yake bila kuinua macho. "Ndege wanamaliza mpunga," alisema, "na wewe unakwenda kuchezea chuma kwa watu." Emerensiana alilia njia nzima ya kurudi Ifakara. Hilo alituambia mwenyewe, na hakuwa mtu wa kusema kwamba amelia.

Jumamosi, tarehe 17 Mei 1997, aliingia uwanjani Nairobi akiwa na viatu vya kuazima. Kila mrushaji alikuwa na majaribio matatu. Wanane bora wangeendelea, lakini yeye hakuwa na hesabu ya wanane. Alitaka mtupo mmoja tu upimwe na uandikwe.

Jaribio la kwanza nyundo ilitoka vizuri, ikaenda mbali kuliko alivyowahi kurusha nyumbani. Aliposikia kishindo alikuwa tayari ameinua mikono. Akageuka, akaona bendera nyekundu. Alidhani imeanguka nje ya mistari. Jaribio la pili aliilenga katikati kabisa, akaiona kwa macho yake ikichimba majani katikati ya uwanja, na bendera nyekundu ikapanda tena.

Alituambia kwamba masikio yaliziba, akaona midomo ya watu inacheza bila sauti. Akilini aliwaona wasichana wake saba kule nyumbani wakirudisha chuma stoo. Akamfuata msimamizi mwenye bendera, mzee mmoja mwenye kofia ya kijani, akamwamkia kwanza kama alivyolelewa, kisha akauliza kosa lake.

"Marahaba, mama," yule mzee akajibu. "Nyundo yako haina shida. Shida ni miguu. Ukiachia tu, unakimbia mbele. Kabla haijaanguka uko nje ya duara. Unatakiwa usubiri, halafu utoke kwa nyuma."

Emerensiana akatazama miguu yake. Miaka ishirini alikuwa anarusha na kukimbia mbele. Nyumbani duara lilikuwa mchoro wa kijiti, na Ponsiano, aliyekuwa akishika utepe wa kupimia, alitazama nyundo inakoangukia, si miguu ya mkewe. Kwenye majaribio ya timu ya taifa mvua ilinyesha na wasimamizi walikuwa wamejifunika turubai. Hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa alijua kosa, ila kulijua hakukumsaidia sana, maana miguu haikuwa inamwomba ruhusa. Alijaribu pembeni bila nyundo, akazungusha mikono mitupu, akaachia. Miguu ikaenda mbele. Akajaribu tena, ikaenda tena. Msichana mmoja wa timu nyingine alikuwa anamtazama akicheka.

Jina lake likaitwa. Aliingia ndani ya uzio wa wavu, akafuta viganja kwenye bukta, akaishika nyundo. Hakuizungusha kwa nguvu zote. Alizunguka mara tatu, polepole kuliko alivyotaka, akaachia, na saa ileile alipoachia akachuchumaa. Alijikunja katikati ya duara, akashika vifundo vya miguu yake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayewazuia mbuzi wawili wasikimbie. Alifumba macho. Jukwaa zima likaangua kicheko. Akasikia kishindo cha nyundo ikianguka, lakini hakuinuka. Akasikia watu wanapiga makofi, bado hakuinuka, kwa sababu makofi yanaweza kuwa ya kumcheka.

"Mama," ikasema sauti ya yule mzee. "Mama, imekubaliwa. Toka sasa."

Akafumbua jicho moja. "Kwa nyuma?"

"Kwa nyuma, mama."

Alitoka kinyumenyume, hatua moja moja, hadi alipogusa wavu kwa mgongo. Bendera ilikuwa nyeupe. Mita thelathini na nane na sentimita sabini na mbili, nafasi ya tisa kati ya warushaji kumi na mmoja. Hakuendelea kwenye wanane bora. Alikaa kwenye nyasi akalia kwa sauti, na yule msichana aliyekuwa anamcheka akaja akampa kitambaa.

Aliporudi alipitia Mngeta kwanza. Mzee Kelestini alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo nyuma yako walikuwepo?"

"Wawili, baba."

Mzee akaita watu waliokuwa shambani waje wanywe uji. Kwa wanaomfahamu, hiyo ilikuwa sherehe.

Karatasi ya matokeo yenye muhuri aliipeleka kwa kamati Jumatatu iliyofuata. Waliisoma, wakampongeza, wakasema mwaka kesho. Mwaka 1998 wakasema mwaka kesho tena. Sisi nduguze tulikasirika kuliko yeye. Yeye alirudi kila mwezi na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaketi kwenye benchi la nje, akasahihisha madaftari hadi waitike.

Agosti 1998, miezi mitano baada ya kumzaa Eveline, miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni uchovu. Madaktari hapa Ifakara waligundua figo hazifanyi kazi vizuri, na alipelekwa Dar es Salaam mara mbili kwa matibabu. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi wote waliompigania. Alikatazwa kunyanyua kitu kizito, naye akatii kwa kukaa kwenye kiti pembeni ya uwanja na kufoka kutoka hapo. Februari mwaka huu barua ya kamati ilikuja: nyundo ya wasichana ingerushwa kwenye mashindano ya shule za wilaya, Jumamosi, tarehe 22 Mei. Aliisoma mara tatu, akampa Ponsiano aisome ya nne, asije akawa amekosea tarehe. Kuanzia siku hiyo tulihesabu mambo mawili kwa pamoja, siku zilizobaki na nguvu zake, na tuliogopa kwamba moja litaisha kabla ya jingine.

Wiki ya mashindano alilazwa. Jumamosi hiyo hakuweza hata kukaa. Saa kumi na moja jioni Herieth Masalu wa kidato cha tatu, ambaye wazazi wake ni wafugaji waliohamia huku kutoka Usukumani, aliingia wodini na vumbi la uwanja miguuni.

"Shikamoo, mwalimu. Tulirusha wasichana tisa, shule nne. Nimekuwa wa kwanza. Nakwenda mkoa."

"Marahaba. Mkoa ni lini?"

"Alhamisi, mwalimu. Morogoro."

Emerensiana alimwangalia muda mrefu. "Uende," alisema. "Hata wakikuletea habari yangu, uende. Umenisikia, Herieth?"

Herieth alilia. Mwalimu akamgeukia mumewe na kusema maneno yaleyale, na kwa kaka zake vilevile, hadi kila mmoja wetu akaahidi kwa mdomo wake. Jumanne, tarehe 25 Mei 1999, saa kumi na moja alfajiri, baada ya kupokea sakramenti ya wagonjwa, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka thelathini. Inauma. Hatuna namna nyingine ya kulisema.

Marehemu ameacha mume, Ponsiano. Watoto wawili, Sylvanus mwenye miaka minne na Eveline mwenye mwaka mmoja. Baba na mama. Ndugu wanne, Evaristo, Fulgensi, Kristina na Viktor. Wakwe, shemeji, wifi na wapwa. Walimu wenzake na wanafunzi wake.

Tangu jana yapo maneno ya chini chini. Watu wanauliza, wanafunzi wa mwalimu wa nyundo wako wapi, mbona hawapo hata kubeba mashada? Familia inajibu hapa mbele ya wote. Jana asubuhi Herieth alikuja msibani na sare ya shule, akapiga magoti mbele ya Mzee Kelestini, akasema hawezi kwenda, atabaki amzike mwalimu wake. Wasichana wenzake walikuwa nyuma yake wakilia. Mzee alimshika mkono, akamwinua, akamtembeza mwenyewe mpaka kwenye gari la Morogoro, wenzake wakifuata kwenda kumshangilia. "Panda, mwanangu," alisema. "Sisi huku tunatosha."

Ratiba ya mkoa inaonyesha nyundo ya wasichana saa tisa alasiri, saa hii tuliyonayo. Mwenyezi Mungu ampokee mtumishi wake Emerensiana, ampe pumziko lisilo na maumivu. Na mwalimu ashike miguu ya Herieth.