Mtu wa Mwisho Kuuamini Mwanzi: Mzee Baltazar Akonaay Anastaafu

Tarehe 31 Agosti mwaka huu, Mzee Baltazar Akonaay atavua aproni yake baada ya kuitumikia karakana yetu ya Endagikot kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza akiwa seremala na anaondoka akiwa mkaguzi wa machela. Meneja wetu, Ndugu Onesphory, aliponiambia niandike wasifu huu, Mzee Baltazar alitaka kujua kwanza kwa nini nimechaguliwa mimi, niliyetoka shule na kuingia kazini Januari tu, na ni nani aliyenituma nimchunguze.

Alizaliwa Nambis na kujifunza useremala kwa baba yake mdogo. Kwa miaka mingi alitengeneza milango, vitanda na madawati. Mbao zilipoadimika, karakana ikageukia mianzi. Kwa wageni watakaosoma hapa, kazi yetu ni hii: mwanzi unapasuliwa, unapondwa, unalowekwa kwenye maji ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, kisha unasuuzwa na kuchanwa kama nywele. Nyuzi zinazobaki tunazipanga kwenye kalibu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka tunalipaka resini iliyopikwa kwa mafuta ya mbegu za nyonyo. Jeki inakandamiza mpaka ubao ugande. Resini peke yake inakatika kama ukoko wa ugali. Nyuzi peke yake ni fagio. Zikishikana, zinabeba mtu mzima, na ubao wenyewe unabebeka kwapani mlimani. Ndiyo maana zahanati za vijiji ambavyo gari halifiki wakati wa mvua zinaagiza machela zetu.

Mzee Baltazar hakuyaamini mambo hayo hata kidogo. Wenzake wanakumbuka alivyosimama mlangoni siku ya kwanza, mikono nyuma, akasema, "Mwanzi ni nyasi. Mnalaza nyasi kwenye gundi ya mbegu, halafu mnataka zimbebe mama mjamzito?" Uongozi wa wakati ule ulifanya jambo la busara: ukampa yeye kazi ya ukaguzi.

Tangu hapo hakuna machela iliyotoka bila yeye kuigonga kwa sarafu, kila upana wa kidole, sikio likiwa karibu. Ubao mzima unalia mkavu. Ubao ulioachana ndani unalia kama debe lenye unga. Baada ya sarafu, analala juu yake mwenyewe. Kila Ijumaa watu wanne humbeba kuzunguka uwanja, kuvuka mtaro, kwenda getini na kurudi, naye amelala macho wazi akiwaangalia mmoja mmoja. Natalia, kiongozi wetu wa kitengo cha nyuzi, anasimulia kwamba mara moja aliwaamuru wamtikise zaidi, wakamwangusha mtaroni. Aliinuka akaandika machela ni nzima, wabebaji ni wabovu. Mzee mwenyewe anakana kwamba alianguka. Anasema alishuka.

Alimshuku kila mtu. Muuza mianzi kutoka kijiji cha Daudi akileta mzigo asubuhi, Mzee alitaka kujua kwa nini hakuuleta jana. Mgeni akipiga picha, alisimama mbele ya kamera. Mafuta ya kujipaka ya dukani aliyapiga marufuku kwenye chumba cha nyuzi, kwa sababu, kwa maneno yake, "Hakuna anayejua ndani ya kile kichupa mna nini."

Ndipo ikaja Juni ya mwaka huu, na baridi yake. Machela zilianza kuachana. Zilitoka kwenye jeki zikiwa nzuri, lakini sarafu ikigonga, zinalia unga. Mzee alipitisha kisu pembeni ya moja na matabaka yakafunguka kama kurasa. Nyuzi zilikuwa safi kabisa, resini haikuzishika.

Shaka yake ilimwendea Abdillah wa Katesh, anayetukamulia mafuta ya nyonyo. Huko Hanang alizeti ni nyingi na ni rahisi, na mafuta ya alizeti yakichanganywa kwenye resini yetu, haigandi vizuri. Abdillah alikuwa amefunga mashine mpya ya kukamulia nyonyo kwa kututegemea sisi, kwa kuwa hakuna mnunuzi mwingine wa kiasi hicho. Tukimwacha, mashine inalala na jina lake linaoza sokoni. Hayo yote yalijulikana, na Mzee aliyajua vilevile.

Abdillah alifika na madumu yake kama kawaida.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Madumu yarudi kwenye gari."

Abdillah hakuondoka. Alikaa kwenye bampa ya nyuma ya pikapu yake akasema, "Mzee wangu, usinifukuze kwa kunusa. Pika resini na mafuta yangu mbele ya macho yako. Ikishindwa, sitakanyaga Endagikot tena."

Mzee alikubali, lakini kwa masharti yake. Alipika resini mwenyewe kutoka dumu alilolichagua mwenyewe. Sufuria ilikuwa moja. Kalibu moja aliipanga kwa mikono yake, ya pili aliipanga Natalia. Siku iliyofuata ubao wa Mzee ulilia mkavu, ule wa Natalia ukalia unga.

Chumba kizima kiligeuka kumwangalia Natalia. Nasema ukweli, na sisi tuliofanya naye kazi tulianza kujiuliza. Mzee akamwuliza polepole, "Mama Wolfgang, unapaka nini kwenye nyuzi zangu?"

Natalia alinyoosha mikono yake miwili mbele ya watu wote. "Sipaki kitu kwenye nyuzi, Mzee. Napaka hapa. Na aliyeleta ni wewe."

Hapo inabidi nieleze. Kwetu huku mtoto akipasuka ngozi kwa baridi anapakwa samli, na ndivyo tulivyolelewa. Kusuuza nyuzi kwenye maji ya Juni kulikuwa kumetupasua vidole hadi damu, na mafuta ya dukani yalikuwa marufuku. Mzee alituonea huruma. Alituletea kopo la samli ya kwake, iliyotikiswa kwenye kibuyu na mkewe, Mama Marieta, akatuamuru tujipake kila asubuhi kabla ya kazi. Yeye hakujipaka, ngozi yake ni gome. Katika karakana nzima, kitu pekee ambacho hakukishuku ni kile kilichotoka jikoni kwake.

Hata hivyo hakumwamini Natalia papo hapo. Alifunika kopo, akafikiri, akalifunua, akajipaka samli mpaka kwenye viwiko, akapanga kalibu nyingine peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kukaribia. Ubao ulipotoka aliugonga mara moja tu, ukalia unga: samli ya mikononi ilikuwa imezuia resini kushika nyuzi. Akaweka sarafu mfukoni.

Alitoka nje hadi kwenye pikapu, ambako Abdillah alikuwa bado anasubiri majibu, na sisi sote nyuma yake. Akasema kwa sauti ya kusikika getini, "Abdillah, nilisema mafuta yako yana mchanganyiko. Mchanganyiko umetoka nyumbani kwangu. Shusha madumu." Abdillah alifungua mlango wa nyuma wa pikapu. Kisha akasema, "Afadhali ulinishuku mimi, Mzee. Ungemshuku Mama Marieta, ungelala na mbuzi." Mzee alicheka. Walioko hapa siku nyingi wanasema ilikuwa mara ya pili, lakini hawakubaliani ya kwanza ilikuwa lini.

Wiki ile ile alikwenda mwenyewe, zahanati hadi zahanati, kurudisha kila machela ya Juni, hata iliyopita kwenye sarafu yake, kabla haijabeba mtu kwenye mteremko. Kisha alimwomba Natalia msamaha mbele ya wote, kama alivyomshuku mbele ya wote. Sasa tunapanga nyuzi tukiwa na glavu, na samli tunajipaka jioni tukienda nyumbani. Samli bado inatoka kwake, na kila kopo analigeuza juani kabla ya kutupatia.

Sijui nani ataziba nafasi yake. Meneja ametaja jina, na Mzee ameshalitilia shaka.

Mzee Baltazar, kwa niaba ya karakana, asante kwa kutotuamini. Kuna watu kwenye milima hii walioshushwa salama wakiwa wamelala juu ya nyasi na gundi ya mbegu, na hawajui kwamba wewe ulilala hapo kabla yao. Mungu akupe miaka mingi Nambis, mahindi yanayojaa, na jirani anayevumilia maswali.

Abdillah ameomba awe yeye atakayekupeleka nyumbani baada ya sherehe. Tumeshakagua matairi, breki na leseni yake. Panda, Mzee. Nenda salama.

Agatha Gidabuday
Kitengo cha Nyuzi