Beryl Cudmore, Aliyehesabu Nyama Kuwa Mshahara

Wasikilizaji wapendwa, zimeni birika kidogo, leo tunahitaji utulivu. Tunamkumbuka Beryl Cudmore, mhazini wa klabu yetu ya raga, Kasuku wa Wirrabah. Alituaga Jumanne. Narudia: Beryl Cudmore, mhazini. Wachezaji walipita, makocha walipita kwa kasi zaidi, yeye akabaki.

Alizaliwa hapahapa, nyuma ya bucha la baba yake. Akaolewa na Clarrie, winga mwenye mbio nyingi na shabaha kidogo. Msimu mmoja Clarrie alicheza bila kulipwa, kwa kuwa kamati ilimaliza fedha zote kwa nyota kutoka Brisbane, na nyota huyo akaumia goti wiki ya pili. Beryl aliingia kikaoni akiwa na mimba kubwa. "Nani anashika fedha hapa?" Mzee mmoja akainua mkono. "Ushushe," akasema Beryl. Tangu siku hiyo alizishika yeye, na wachezaji wa akiba wakawa wa kwanza kulipwa.

Sasa tufike pale ambapo baadhi yenu hamjamsamehe hadi leo.

Tulikuwa na Semisi Taufahema, mchezaji wa mbele, mpana kama mlango wa gereji. Klabu ya Sydney ilimtaka. Sisi tulikuwa tumefika kwenye kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi inaruhusu klabu kuwalipa wachezaji wake wote. Ukizidisha, unakatwa pointi. Kumwongezea Semisi mshahara hatukuweza.

Basi kamati ikapata akili. Mnaijua bahati nasibu yetu ya nyama, kila Ijumaa pale baa ya klabu: unanunua tiketi, ikitajwa unaondoka na nyama. Ghafla Semisi akaanza kushinda. Alishinda soseji. Alishinda mbavu za kondoo. Alishinda robo ya ng'ombe. Alishinda hata Ijumaa aliyokuwa Tonga kwenye harusi ya dada yake.

Binti yake Beryl, Noreen, anakumbuka: "Mama alimfuata mwenyekiti, Mervyn. Akamwuliza, 'Merv, huyu kijana ana bahati au ana mshahara?' Merv akasema, 'Ah, Beryl, hiyo ni nyama tu.' Mama akamwambia, 'Mimi nimekulia buchani, Merv. Usiniambie nyama tu.'"

Beryl akajumlisha nyama yote kwa bei ya bucha, kisha akawapigia simu viongozi wa ligi yeye mwenyewe. Tulikatwa pointi nne. Narudia, kwa uchungu unaostahili: pointi nne. Fainali zikatupita.

Halafu akaenda kwa Semisi.

"Nilidhani amekuja kunigombeza," Semisi alituambia kwa simu. "Akakaa jikoni kwa mama yangu, akala kondoo yuleyule wa Ijumaa, akaongezwa. Kisha akasema, 'Mwanangu, Sydney watakulipa mara tatu, tena kwa mkataba. Sisi tunakupa soseji usije ukaijua bei yako. Siku goti likivunjika, soseji hazina bima. Nenda.' Mama yangu akalia. Mimi nikafunga begi."

Alicheza Sydney miaka tisa. Goti lilivunjika mwaka wa nne, na mkataba ukamlipa msimu mzima akiwa kitandani.

Huku nyumbani watu waliacha kumsalimia Beryl. Mtu fulani alimtundikia soseji getini. Beryl akazikaanga. Noreen anasema zilikuwa nzuri, ila zilihitaji chumvi. Mtu alipomwuliza kama anajuta, alijibu, "Fainali ningezipenda sana. Lakini tungemzeesha yule kijana akiwa na goti bovu na friji iliyojaa nyama."

Noreen, wajukuu, na wewe pia, Mervyn, maana tunajua unasikiliza: poleni sana.

Nasi wengine tutafakari. Tunapopiga kelele kwamba nyota abaki, tunataka abaki kwa faida ya nani? Ibada ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Mliompita Beryl barabarani miaka yote hiyo kwa sababu ya pointi nne, viti vipo. Noreen atakuwa mlangoni. Msingoje yeye aanze kuwasalimia.