Bi Godeberthe Nshimirimana, Mtunza Vitabu Aliyekubali Kusahihishwa

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi Godeberthe Nshimirimana anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wote walioajiriwa pamoja naye katika Kituo cha Kusoma cha Juru wamekwisha kuondoka. Yeye alibaki na rafu zake, daftari lake la wasomaji, na miwani ambayo huitafuta kila siku ikiwa kichwani mwake.

Alianza kama mfagiaji. Ni wachache wanaojua hilo. Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye vitabu sitini na tatu, vingi vya Kifaransa, viwili vimeliwa na mchwa. Miezi sita baadaye alikuwa amevipanga vyote kwa mada bila kuagizwa na mtu, na msimamizi wa wakati huo akaona aibu kuendelea kumpa ufagio. Tangu hapo wakulima wanaotoka shambani huegesha baiskeli zao mlangoni na kumuuliza habari za wadudu wa maharagwe. Wasiojua kusoma huwasomea mwenyewe. Na anayechelewesha kitabu anajua kwamba Jumapili, baada ya misa, Bi Godeberthe atakuwa anamngoja nje ya kanisa mbele ya watu wote.

Lakini kazi iliyompa jina aliianza akiwa na miaka hamsini na sita. Mimi Mahadi, ninayeandika haya, nilikuwa nimekuja kutoka Biharwe kufundisha kompyuta. Siku moja niliwaonyesha wafanyakazi kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha. Bi Godeberthe akauliza kama kijiji chetu kina ukurasa wake. Kilikuwa nao, wenye mistari minne. Akavuta kiti, akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

Aliongeza kwamba darasa la kwanza la kijiji lilianzishwa chini ya turubai na mwalimu Vénant, marehemu mume wake. Kesho yake sentensi ilikuwa imefutwa na mhariri wa mbali, kwa maelezo mafupi kwamba haina chanzo. Akairudisha. Ikafutwa tena. Alipoirudisha mara ya tatu, akaunti yake ilifungiwa kuhariri kwa siku nzima.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mimi nimemuzika huyo mwalimu," aliniambia, "na mutu hajafika hata Mbarara ananiuliza ushahidi?"

Nilidhani ameacha. Asubuhi iliyofuata alikuja kuniomba nimchapie kanuni zote za uhariri. Zilikuwa kurasa thelathini na moja. Alizisoma kwa wiki mbili, kalamu nyekundu mkononi, akinisimamisha kila nilipopita. Usinakili maandishi ya wengine. Usisifu wala usiponde, eleza tu. Usiandike jambo ambalo msomaji hawezi kulithibitisha katika maandishi yaliyochapishwa. Mkibishana, acheni kufutana, nendeni mkajadiliane. Alipofika kwenye kanuni inayomtaka anayeandika kuhusu ndugu zake ajitambulishe kwanza, aliweka kalamu chini. "Hapa nimekosa mimi," alisema.

Aliingia kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika kwamba yeye ni mjane wa Vénant, kwamba alivunja kanuni kwa kutojua, na kwamba sentensi yake isirudishwe mpaka chanzo kipatikane. Kisha akaanza kukitafuta.

Tulikwenda Mbarara, kwa lori la mahindi hadi Masha, tukamalizia kwa teksi. Katika maktaba moja ya mjini tulimkuta Bi Afsa, mtunzaji wa magazeti ya zamani. Aliangalia viatu vyetu vilivyojaa vumbi, akatukaribisha chai. "Mama, gazeti iko mingi sana," alisema. "Ya mwaka gani?" Bi Godeberthe hakuwa na uhakika. Yeye alifika Juru mwaka mmoja baada ya mumewe, akamkuta tayari anafundisha. Basi tukafunua majalada kwa siku mbili.

Habari ilionekana siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Zilikuwa aya tano na picha ya turubai. Gazeti lilisema darasa lilianzishwa na mwalimu aitwaye Mukandoli, kwa watoto ishirini na sita. Vénant alijiunga naye baada ya wiki tatu.

Bi Godeberthe aliisoma mara mbili. Angeweza kufunga jalada tukarudi nyumbani, nami nisingesema neno. Nakiri kwamba moyoni nilitamani afanye hivyo. Yeye alivua miwani, akaipangusa. "Vénant hakunidanganya," alisema. "Hakusema hata siku moja kama ni yeye wa kwanza. Ni mimi sikuuliza." Kisha akamwomba Bi Afsa nakala.

Aliiwasilisha habari hiyo kwenye majadiliano, jina la Mukandoli likiwa mbele. Mhariri yuleyule aliyekuwa akimfutia sentensi ndiye aliyeiingiza kwenye ukurasa, akamwandikia maneno ya shukrani. Mukandoli alikuwa amefariki zamani. Bi Godeberthe aliulizia kijiji hadi kijiji mpaka akampata binti yake, Jocelyne, anayeuza unga wa muhogo. Akamleta kituoni, akamkalisha mbele ya kompyuta. Jocelyne alisoma polepole, akagusa kioo kwa kidole. "Sikujua kama jina la mama liliandikwa fasi yoyote," alisema. Wakakumbatiana wakilia, na wasomaji wote siku hiyo wakajifanya wamezama katika vitabu vyao.

Tangu wakati huo amefundisha watu arobaini na wawili kuhariri. Wameandika kuhusu mazao, visima na ngoma za hapa, na hakuna anayechapisha sentensi kabla Bi Godeberthe hajaona ilikotoka. Kiongozi mmoja aliyetaka aandikiwe ukurasa wa sifa zake aliondoka na nakala ya kanuni kwapani.

Funguo anazipokea Clémence, mwanafunzi wake wa siku nyingi. Tulipomuuliza Bi Godeberthe atafanya nini Jumatatu ya kwanza ya mapumziko, alijibu kwamba atalala mpaka saa tatu, na kwamba mtu asimpigie simu kuuliza kitabu kiko wapi. Tutajitahidi, ingawa hatuahidi.

Mama Godeberthe, asante kwa subira yako, kwa ukali wako, na kwa ujasiri wa kuandika kilicho kweli hata kilipokuuma. Mungu akupe afya, mavuno mazuri na usingizi mtamu. Tunakupenda, mama.