Nani Kaiba Jua la Mtoto?

Ukitaka kuona ujinga unavyopikwa ukaiva, njoo mtaani Milanzi asubuhi ya mwezi wa saba, kwenye benchi letu lililoegemea ukuta wa duka la mbolea. Upepo wa Ufipa mwezi huo hauna adabu hata kidogo. Wanaume wazima tunabanana pale tangu jua linapochomoza, makoti yamepandishwa mpaka masikioni, tunakunywa kahawa ya Beda na kuota jua. Hapa hakuna anayeitwa kwa jina lake. Mzee Teodori ni Diwani, kwa sababu zamani aligombea udiwani akaangushwa, na mpaka leo hajakubali matokeo. Loth wa bodaboda ni Redio, maana hazimwi. Cleophas anayechomelea mageti ni Injinia. Mimi nauza makoti ya mitumba hapo pembeni, wananiita Nyongo, na leo sitawakatalia. Flavian, dalali wa mahindi, tangu mwaka jana ni Baba Mabano. Binti yake ana matege. Miguu imepinda kwa nje, mmoja huku mwingine huku, kama alama za mabano kwenye daftari la shule. Redio ndiye aliyelitoa jina hilo, watu wakacheka. Flavian naye akacheka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Asubuhi hiyo Flavian alikuja hata uso hajanawa. Hakukaa.

— Jamani, nina jambo, akasema. Nataka mnisaidie kuamua.

— Mwaga, Baba Mabano, Redio akamwambia. Kijiwe ndiyo mahakama.

— Mwezi uliopita tulimpeleka mtoto hospitali. Daktari akasema mifupa yake ni laini, kakosa vitamini D. Na mama yake hivyo hivyo. Ndiyo maana mwili mzima unamuuma, akinyanyuka lazima ashike ukuta.

— Aa, kumbe! nikasema. Na hapa mlikaa mkasema mama mtoto, Bertilla, ni mvivu.

— Nyongo, mwache mwenzako aeleze, Diwani akanikemea.

— Akatupa dawa ya matone ya mtoto, Flavian akaendelea, na vidonge vya mama. Akasema wawe wanakula mayai na dagaa. Halafu kila siku mtoto aote jua, miguu ikiwa wazi. Kasema bado ni mdogo, tukifanya sasa miguu itanyooka yenyewe. Tukizembea, mifupa itakomaa vile vile ilivyopinda.

— Sasa tatizo liko wapi?

— Mama yangu hataki, Nyongo. Anasema mtoto mwenye miguu ile ukimtoa nje watu watamcheka, na wenye macho mabaya watammaliza kabisa. Akae ndani, afunikwe. Na Bertilla arudi kwao Wampembe, kule ziwani, kwa sababu balaa hili kaja nalo yeye. Mizigo imeshafungwa. Gari ni mchana huu. Sasa mimi hata sijui nimsikilize nani.

Mtu kaenda hospitali, kapewa jibu, kapewa na dawa mkononi, halafu anakuja kuuliza benchi!

— Flavian, una akili wewe? Daktari si kashakwambia? Unatuuliza sisi kama nani? Huyu hapa anachomelea mageti!

— Geti nalo lina hesabu zake, Injinia akasema, amekasirika kidogo.

— Mimi nina ushahidi, Redio akadakia. Shemeji nilimbeba mwenyewe akiwa na mimba, tukateremka ule mlima wa kwenda ziwani. Kaka, yale mashimo! Mtoto kule tumboni alikunja miguu akajishikilia asianguke. Kazaliwa hivyo hivyo, amejishikilia.

— Alizaliwa miguu imenyooka, Flavian akasema.

— Ilinyooka kwa mshtuko. Baadaye ikakumbuka.

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Naapa, walitikisa vichwa! Beda akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Hapana, Injinia akasema. Hili suala ni la zege. Ukimwaga nguzo ukavua mbao kabla haijakauka, inafanyaje?

— Inapinda, Redio akajibu.

— Basi. Mtoto kasimamishwa mbichi. Baba Mabano, mlete nimpime. Nitakata nondo mbili, namfunga mguu huu na huu, ukija kufungua, miguu iko kwenye mstari.

— Umfunge mtoto nondo? nikapiga kelele.

— Nondo nyembamba, Nyongo. Usinifanye mimi mnyama.

Diwani akakohoa. Akikohoa hivyo ujue ataongea, na akiongea yeye wengine wote wanakuwa wapiga kura.

— Nyie vijana mnasikia, hamsikilizi, akasema. Flavian, hebu rudia. Daktari kasema mtoto afanye nini?

— Aote jua.

— Aote. Kuota ni kazi ya nani?

Hakungoja jibu.

— Ni kazi ya mtu aliyelala! Diwani akasema, akainua kidole. Daktari ni msomi, hawezi kutaja mambo ya wanga mbele ya manesi. Kampa baba wa mtoto fumbo. Mtoto anatakiwa aote jua, ndotoni. Na haoti. Kwa nini haoti? Jua lake limechukuliwa.

— Mungu wangu, Beda akasema, birika likabaki hewani.

— Mzee Teodori, nikamwambia, kwa makusudi nikamwita jina lake. Wewe hapo ulipokaa, saa hizi unafanya nini?

— Naota jua.

— Umelala?

Akapiga funda la kahawa.

— Hiyo ni nyingine, akasema.

— Ni hiyo hiyo!

— Nyongo, mji huu jina lake lenyewe maana yake ni kutupa uchawi. Unafikiri waliolitoa walikuwa wanatania?

— Walisema utupwe, mzee. Wewe umerudi kuuokota!

Redio alikuwa ameinama, anafikiri. Redio akifikiri ni hatari kuliko akiendesha.

— Ngojeni kwanza, akasema. Jua la mtoto likichukuliwa, linapelekwa wapi? Haliwezi kupotea tu hewani. Lazima kuna mtu analitumia.

— Hapo umesema, Diwani akaunga mkono.

— Sasa shemeji kwao wapi? Wampembe. Wampembe wanafanya nini? Wanaanika dagaa. Na dagaa akitaka kukauka, anataka nini?

— Jua, Injinia akasema taratibu.

Benchi zima likavuta pumzi. Nimekaa kijiwe hiki tangu duka la mbolea lilipokuwa kibanda cha mabati, sijawahi kusikia upumbavu ukipokelewa kwa ukimya wa namna ile.

— Na dagaa wa mwaka huu wamekauka vizuri mno, Beda akasema. Niliwaona sokoni. Hata mchanga hawana.

— Mmeona? Diwani akasema. Mmeona wenyewe?

Flavian alikuwa amesimama muda wote huo, mikono mfukoni, uso umemshuka. Sasa akatoa simu.

— Kwa hiyo mama yuko sahihi, akasema. Basi. Ngoja nimwambie mama amsindikize stendi.

Hapo ndipo nyongo ilipopasuka. Nilisimama, kahawa ikanimwagikia gotini, sikujali.

— Weka simu chini! Mkeo alitoka kule ufukweni mzima, anabeba ndoo ya maji kichwani huku anaimba. Nilimwona siku zile ulipomleta, sikuambiwa. Kwao jua linawaka mwaka mzima, anakula dagaa, anakula samaki wa ziwani, migebuka. Mkamleta huku kwenye baridi. Mimba ilipoingia mkamkataza mayai, eti mtoto atatoka kipara! Dagaa mkamkataza, eti nyumba inanuka. Mtoto alipozaliwa mkawafungia ndani wote wawili, mmewaviringisha mablanketi mpaka puani. Halafu mnakaa hapa mnauliza nani kaiba jua! Mmelikalia nyie! Tangu asubuhi mnasukumana mlipate lote!

— Unatukana wazee, Diwani akasema.

— Natukana! Leo natukana!

— Mshikaji, punguza moto, Redio akasema. Tunajenga hoja tu.

— Jenga hoja juu ya mguu wako, Loth! Ule ni mguu wa mtoto, ukikomaa umekomaa, hamna tena. Utakuja kumnyoosha kwa hoja?

Nilikuwa bado napumua kwa nguvu nilipoona wote wanatazama nyuma yangu. Nikageuka. Bertilla alikuwa anakuja kutoka upande wa nyumbani kwao, polepole, mkono mmoja unapapasa ukuta wa duka, mwingine umemshika mtoto kiunoni. Mtoto hakuwa na blanketi. Hakuwa hata na soksi.

— Shikamoo, mzee, akamwambia Diwani. Hata siku ile alianza na shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

— Hamjambo nyote.

— Hatujambo, shemeji, Redio akajibu haraka, akasogea. Mtoto ataumwa na baridi hivyo.

— Mbona umemtoa nje? Flavian akauliza. Mama yuko wapi?

— Mama yako yuko nyumbani, amekalia mizigo yangu.

Akainama kwa shida, akiuma meno, akamweka mtoto chini mbele ya benchi. Wote tuliitazama ile miguu. Kwa kweli imepinda, sitawadanganya. Mtoto akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akayumba, akatulia. Halafu akakiona kifungo cha koti la Injinia, akaachia mkono mmoja akikitaka. Akawa amesimama, ameshikilia kwa mkono mmoja tu, anavuta kifungo cha mtu.

— Kasimama, Flavian akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

— Alianza wiki iliyopita.

— Mbona hukuniambia?

— Ningekwambia ukawaulize hawa? Mama yako akienda kuvuna ulezi, mimi namtoa uani, namvua soksi, tunakaa juani. Matone nampa. Vidonge vyangu nameza jikoni kama mwizi. Dagaa nimewaficha ndani ya debe la ulezi, ulezi ni wetu sote, hakuna anayechimba mpaka chini. Juzi nimepanda ngazi ya kanisa bila kushika mtu. Bado naumwa, lakini nimepanda.

Injinia alikuwa ameinamisha koti lake ili mtoto akifikie kifungo vizuri, na nadhani hata hakujua kwamba anafanya hivyo.

— Siendi Wampembe, Bertilla akasema. Gari na liondoke. Na uani nimechoka. Kule jua linafika likiwa limeshachelewa, tena ni pembe moja tu, na nikisikia mlango nambeba mtoto mbio kama nimeiba kuku. Mwanangu ataota jua hapa, barabarani, kila asubuhi.

— Watu watamcheka, Flavian akasema kwa sauti ya chini.

— Watu gani? Nilimuuliza mama yako swali hilo hilo. Watu gani hao watakaomcheka mwanangu? Unajua alinijibuje? Alisema, wa kijiweni. Mimi sikumficha kwa sababu ya wanga, Flavian. Nilimficha kwa sababu ya benchi hili. Mifupa ya mtoto imelainika ndani ya nyumba kwa sababu nyie hapa nje mlikuwa mnacheka!

Nilitamani kupiga makofi, nikaona aibu kupiga makofi.

Diwani akavua kofia. Ni mwanasiasa, anajua wakati wa kuvua kofia.

— Mwanangu, usituelewe vibaya, akasema. Hapa tunamjadili mtoto huyu kwa uchungu mkubwa. Tangu asubuhi hatujaongea habari nyingine. Sisi ni wazazi wake pia, tunamjua, tunamwombea.

— Ahsante, mzee, Bertilla akasema. Basi nitawauliza kitu kimoja tu, halafu nitakaa. Mwanangu anaitwa nani?

Redio akazimika. Alianza kuangalia pikipiki yake kama vile imemwita. Injinia akamtazama mtoto usoni, akitafuta jina limeandikwa wapi. Beda akajifanya anapuliza makaa. Mimi, niliyekuwa napayuka kuwashinda wote, nilifungua mdomo, nikakuta mle ndani kuna lile jina moja tu, nikaufunga.

— Mtoto wa Flavian, Diwani akajaribu.

— Hilo ni jina la baba yake, mzee.

Mtoto akakivuta kifungo, uzi ukakatika, akacheka peke yake. Flavian akasogea hatua moja mbele, akafungua mdomo ajibu.

— Wewe nyamaza, baba Coleta, Bertilla akamwambia. Nimewauliza hawa.