Kadi Tatu za Mzee Ephantus Kiarie

Kabla historia hii haijasomwa, familia inaomba simu zote ziwekwe mfukoni, maana marehemu hakupenda habari zake zitembee bila yeye.

Mzee Ephantus Kiarie alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Gilgil, kwenye shamba la mzungu ambako wazazi wake walikuwa vibarua, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1974 akaanza kuchoma nyama kwenye vibanda vya barabarani Kikopey, kazi aliyoifanya miaka arobaini. Tarehe 9 Agosti 1980 alimuoa Joan Wawira kanisani, wakajaliwa watoto wawili, Wanyoike na Wambui.

Mwaka 1998 aliugua kifua kikuu, na kabla hajafika nyumbani kutoka kliniki, wateja walikuwa wameshajua kutoka kwa karani aliyemwandikisha, wakahamia kibanda cha jirani. Alipona, lakini tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote mwenye kalamu, kila kliniki akaandikisha jina jingine, hata sukari ilipomshika mwaka 2016 akawa na kadi tatu za watu watatu, kila daktari akidhani anaanza naye upya, huku figo zikiharibika.

Februari 2024, Chepkemoi, mhudumu wetu wa afya ya jamii, aliketi naye uani akamweleza kwamba hesabu ya wagonjwa inayopelekwa kaunti haina majina, ni umri, kijiji na ugonjwa tu, ili dawa zijue pa kwenda. Mzee akamtazama kwa jicho la pembeni, akauliza, "Na kitabu chenye majina kinakaa na nani?" Chepkemoi hakumficha, alisema kinakaa kliniki kabatini, wanaokifungua ni yeye na daktari. Angesema hakuna anayekiona, Mzee angemfukuza. Mzee aliingia ndani, akatoa zile kadi chini ya godoro.

Kwa figo zake matibabu yalikuwa yamechelewa, lakini kijiji kilipohesabiwa vizuri ilionekana wenye sukari ni wengi, na sasa kila Alhamisi kuna kliniki yao. Alifariki tarehe 3 Mei 2025, hospitalini Nakuru, baada ya kuagiza kwamba ugonjwa wake usomwe hapa mchana, na watu wake, si kwa minong'ono.

Familia inawashukuru madaktari, Chepkemoi, majirani na wachomaji wenzake, pamoja na nyinyi mliohama kibanda mwaka 1998, tunawaona mmekuja.

Pumzika kwa amani, Ephantus Kiarie, kwa jina lako mwenyewe.