Kristiana na Vibuyu Viwili vya Mafuta

Waliomjua watakumbuka sauti moja: pua yake ikivuta hewa polepole juu ya kibuyu cha mafuta, kabla hajakubali kumpa mtu dawa.

Bibi Kristiana alizaliwa Mpui mwaka 1895, mtoto wa tatu wa mkulima. Kwa makatekista alisoma misimu miwili tu. Miti ya dawa alifundishwa na mama yake. Tarehe 6 Juni 1914 alifunga ndoa na Polikarp, wakahamia Pito. Polikarp alitangulia mwaka 1949.

Alitibu vidonda na homa kwa majani na magome. Mwaka 1935 alimpaka Klementina, mke wa Leonsi wa Milepa, dawa ya kidonda iliyochanganywa na mafuta. Kule Milepa, bondeni, kuna joto, na mafuta yalikuwa yameanza kuharibika. Alisikia harufu, akapuuza. Klementina alifariki siku ya tisa. Hakuna aliyemshuku, lakini Bibi Kristiana alikwenda mwenyewe kumweleza Leonsi yote. Leonsi hakusema naye kwa miaka mingi. Shangazi aliagiza jambo hili lisomwe leo kwenye mazishi yake, nami Tadei, mtoto wa kaka yake, nimetii.

Tangu hapo kila mti aliupima. Alijaza vibuyu viwili mafuta ya karanga, kimoja akakitia majani, kingine akakiacha hivi hivi, akavianika juani na kuvinusa kila asubuhi. Akagundua kuwa majani mengine huchelewesha mafuta kuharibika, hasa yakikaushwa kivulini. Hayo ndiyo aliyotibia.

“Kinachotunza mafuta huenda kinatutunza na sisi,” alituambia. “Sijui. Napima.”

Bwana Saad, mwenye duka Sumbawanga, alimtania: “Bibi, mafuta yangu unayaanika kama ulezi?”

“Wewe uza. Kunusa niachie mimi.”

Februari 1957 miguu yake ilianza kuvimba. Zahanati walisema ni moyo. Alifariki nyumbani Pito, Jumanne tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto wawili, Adolfu na Epifania, na wajukuu saba. Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo yeye hakujipa.

Jumapili iliyotangulia kifo chake, Leonsi alipanda kutoka Milepa, akaketi kando ya kitanda chake.

“Dada Kristiana,” alisema, “yamekwisha.”

Shangazi alimshika mkono, akajibu kwa sauti ndogo, sisi wa karibu tu tukamsikia: “Kwako, ndugu yangu. Klementina nitamwomba radhi mwenyewe.”